Pasi Hana Jipya

Jumamosi asubuhi soko la nafaka halina adabu. Watu wanakanyagana, wasukuma mikokoteni wanapiga honi kwa midomo, magunia yanapita juu ya vichwa, na kila muuzaji anaamini kwamba mwenye sauti kubwa ndiye mwenye mchele mzuri. Katikati ya vurugu hiyo alikuwa akipita mwanamke mmoja aliyevaa gauni la maua madogo ya manjano na raba zilizokuwa nyeupe alipotoka nyumbani. Begani alining'iniza mfuko wa kitambaa uliojaa bahasha ndogo za kaki. Kila alipofika penye karanga aliinama, akachota chache, akauliza maswali ambayo mteja wa kawaida hayaulizi.

"Kaka, hizi zimetoka kwa nani?"

"Zimetoka kwenye gunia, dada. Unanunua au unapeleleza?"

Alikuwa ameshafukuzwa mara kadhaa alipofika kwenye meza ya mwisho ya safu. Hapo alisimama bila kuinama. Karanga za meza hiyo zilipangwa kwa ukubwa na kwa rangi, kubwa kwa kubwa, nyekundu kwa nyekundu, wala hapakuwa na hata moja iliyopasuka. Nyuma ya meza alisimama mwanamume mrefu, mweusi wa kung'aa, aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka mikunjo ya mikono yake ingeweza kukata mkate. Shati jeupe, soko la nafaka! Ndiyo maana wenzake walimwita Pasi, na jina la kwao walishalisahau.

"Karibu, dada. Kwangu hukuti chenga, hukuti kijiwe, hukuti iliyosinyaa. Nazichambua mwenyewe."

"Naona. Zimefanana kama zimetoka tumbo moja."

Kwa mtu wa kazi yake hayo yalikuwa malalamiko. Pasi aliyapokea kama sifa, akatabasamu mpaka masikioni, na kosa lote la hadithi hii lilianzia kwenye tabasamu hilo.

"Natafuta mbegu za zamani," mwanamke akaeleza. "Zile ambazo mtu amerithi kwa mama yake, na mama naye kwa mama yake. Nafanya kazi kituo cha utafiti wa mbegu, maabara. Tunapima undugu wa karanga."

"Undugu wa karanga?" Pasi akashika kiuno. "Karanga nao wana shangazi?"

"Wana shangazi, wana wajomba, wana mpaka mawifi wakorofi."

"Sasa nyinyi mnawapatanisha?"

"Tunawaoza. Lakini shida ni kwamba karanga nyingi za mashambani ni ukoo mmoja. Kwa nje utaona huyu mwekundu, yule wa waridi, ukiwaangalia ndani ni wale wale. Ukija ugonjwa wa kudumaza mimea, anayekufa mmoja wanakufa wote. Kwa hiyo tunatafuta ndugu wa mbali, mwenye damu ngeni, tumchanganye na hawa wa nyumbani."

Alieleza kwa mikono, na mfuko ulikuwa ukimpiga kiunoni kila alipofika kwenye neno "mbali". Pasi hakuelewa yote, ila alijua kwamba angependa aendelee kueleza. Akasema mama yake, anayelima nje kidogo ya mji, ana karanga alizoachiwa na marehemu mama yake, na kwamba kijiji kizima hakuna mwenye nyingine kama hizo.

"Kweli?" Macho ya mwanamke yakawaka. "Unaweza kuniletea kidogo?"

"Nitakuletea, nipe namba ya simu. Kwa ajili ya mbegu tu, usinifikirie vibaya."

"Na mimi nakupa kwa ajili ya mbegu tu."

"Nikuandike nani?"

"Niandike vyovyote."

Pasi akaandika Daktari. Mwanamke aliposema yeye si daktari, ana shahada moja tu na bosi mkali, Pasi alijibu kwamba kwenye simu yake kila mtu ana cheo anachostahili.

*

Jumapili Pasi alikwenda kwa mama yake, akakaa barazani na ungo mapajani. Mama alimletea debe la mbegu. Mlikuwa na karanga kubwa za waridi, na kati yake mlikuwa na nyingine za ovyo: ndogo za zambarau, nyembamba zenye mabaka, nyingine zimejikunja kama zimenuna. Kwa ufundi wake wote Pasi akaanza kuchambua. Kubwa za waridi aliziweka kwenye ungo. Zile za ovyo alizirudisha debeni.

"Unachagua karanga au unachagua mchumba?" mama akauliza.

"Vyote viwili, mama."

"Ehee! Sasa mbona hizi nyingine unazitupa?"

"Mgeni wa heshima hapelekewi vichenga. Huyu ni mtu wa maabara, mama, ana koti jeupe."

"Kumbe ndiyo maana. Mmekutana nguo," mama akasema, akarudi jikoni akicheka peke yake.

Alizipeleka Jumatatu, zimefungwa kwenye kitambaa safi. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya spiriti, meza nyeupe, mashine zinazonguruma taratibu na jokofu kubwa lenye maandishi ya kukataza mtu kuweka soda humo. Ndani yake mlikuwa na soda. Mwenye soda alikuwa mwenzake Daktari, mwanamke mnene mcheshi waliyemwita Mama Pacha kwa sababu ya watoto wake wa kike, ambao picha zao alizibandika kila mahali palipokuwa na nafasi.

"Ndiye huyu wa shati?" Mama Pacha akauliza kwa sauti ambayo alidhani ni ndogo.

Daktari alijifanya hakusikia. Akampeleka Pasi kwenye trei za miche, akamwonyesha wanavyokata kipande cha jani changa, wanavyokisaga na dawa mpaka vinasaba vitoke. Kisha akamwonyesha picha ukutani: safu za mistari ming'avu, mingine juu, mingine chini.

"Kila safu ni mche mmoja. Mistari hii tunaiita alama. Wakiwa ndugu wa karibu, mistari inakaa sawa sawa. Wakiwa wa mbali, inapishana. Hapo karanga haiwezi kudanganya kwa ngozi yake."

"Na mtu je?"

"Mtu anadanganya kwa shati."

Mama Pacha alicheka mpaka akashika meza. Kisha akauliza sampuli mpya iandikwe jina gani. Maabara ile ilikuwa na tabia yake. Mbegu za wakulima zilikuja bila majina, na wao waliwaita kama watu: Tajiri, Kidege, Bibi Mkimya. Tena waliwazungumzia kama watu, huyu baba, yule mama, huyu amekataa kuota, yule anaringa. Mkuu wao alishawakataza mara nyingi, lakini naye siku moja walimsikia akisema Kidege ana homa.

"Mwandike Pasi," akasema Daktari, bila kumtazama mwenye jina.

Mwenye jina hakusikia. Alikuwa ameinamia miche, akihesabu majani kwa furaha ya bure, na kama angegeuka wakati huo tungeokoa machozi mengi.

*

Baada ya hapo simu zilianza, kwanza za mbegu.

"Daktari, vipi watoto wangu wameota?"

"Wameota. Wote warefu sawa, wote wamenyooka. Wanafanana na baba yao."

"Wanakula vizuri?"

"Wanakunywa maji tu, hawana gharama. Tofauti na wewe."

Kisha mbegu ikasahaulika kwenye mazungumzo, ikabaki "umekula?", "umefika?", "mbona sauti yako imechoka, mpenzi?" Neno hilo "mpenzi" lilimtoka Pasi siku ya mvua bila kupanga. Akafumba macho, akingoja kukemewa. Upande wa pili Daktari akasema, "Haya, rudia, mvua imenizibia masikio." Akarudia.

Jioni walitembea kwenye njia ya miti inayotoka kituoni kwenda stendi. Daktari alikuwa mtu wa kusimama ghafla barabarani na kuokota jani. Pasi alijifunza kumsubiri bila kuuliza. Naye alimfundisha Daktari kujua karanga iliyovunda kwa kuitikisa sikioni. Mapenzi ya namna hiyo hayana kishindo, lakini yanaingia ndani haraka, na wote wawili walikuwa wameshafika mbali kabla ya kukiri.

Pasi aliamua. Alinunua viatu, akamwambia mama yake ajiandae kupokea mgeni, akafanya mazoezi ya maneno mbele ya kioo. Alikuwa na hofu moja ambayo hakumwambia mtu. Zamani kidogo palikuwa na mwanamke mwingine, wakachumbiana mpaka ndugu wakajua, halafu mwanamke huyo akamwambia uso kwa uso kwamba amemchoka, kwamba kwa nje ni nadhifu lakini ukimzoea hana jipya. Tangu hapo ndipo shati lake lilipozidi kunyooka.

Siku aliyopanga kumwalika Daktari nyumbani, ndiyo siku majibu ya maabara yalipotoka.

Daktari aliitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena. Miche yote ya Pasi ilikuwa na mistari ile ile, na mistari hiyo aliijua kama uso wa dada yake. Ilikuwa mbegu ya kituo chenyewe, ile ya zamani waliyokuwa nayo miaka yote. Hapakuwa na damu ngeni hata tone. Kazini lilikuwa jambo la kawaida, mbegu nyingi huishia hivyo, lakini atamwambiaje mtu anayejivunia urithi wa bibi yake?

Simu ikaita kwenye mfuko wa koti. Alikuwa na glavu mikononi, na simu yenyewe ilikuwa ile ndogo ya vitufe aliyoipenda kwa sababu chaji yake hukaa. Akabonyeza juu ya kitambaa ili kuizima. Alibonyeza kitufe kisicho, simu ikapokelewa bila yeye kujua.

"Nani?" akauliza Mama Pacha.

"Itakuwa yeye. Nitampigia nikimaliza."

"Haya niambie, Pasi vipi?"

"Pasi hana jipya," Daktari akasema kwa huzuni.

Sokoni, Pasi alikuwa amesimama na simu sikioni na kipimo cha karanga mkononi. Mteja mbele yake alifungua mfuko akingoja.

"Hana kabisa?" sauti ya Mama Pacha ikaja kwa mbali.

"Kabisa. Kwa nje anapendeza, utadhani wa pekee. Nimemwangalia mpaka ndani, ni yule yule wa siku zote."

"Pole, mwenzangu. Najua ulimtegemea."

"Nilimtegemea mno. Lakini ndiyo hivyo, siwezi kuanza naye uzazi. Mwondoe. Tutafute mwingine."

Mteja alisema, "Kaka, unamwaga." Karanga zilikuwa zikimwagika juu ya meza, zikidondoka chini na kuviringika kati ya miguu ya watu. Pasi hakuzitazama. Alikata simu, akamwomba jirani amwangalizie meza, akaenda kusimama nyuma ya ghala la magunia, mahali ambapo mwanamume anaweza kulia bila kuulizwa.

Mchana aliandika ujumbe. Aliuandika mrefu, akaufuta, akabakiza mfupi: "Nimesikia majibu. Asante kwa kazi. Usinitafute tena."

Daktari aliusoma mlangoni mwa maabara. Majibu? Nani amemwambia? Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Akakaa kwenye ngazi, koti likiburuta vumbi, na wazo baya likaanza kumwingia. Kwa hiyo ilikuwa mbegu. Alitaka mbegu ya kwao iandikwe, iheshimiwe, na sasa imekataliwa, yeye hana kazi naye tena. Zile "umekula" zote zilikuwa za mbegu!

"Mwache," akamwambia Mama Pacha, akijikaza. "Kama alinifuata kwa ajili ya karanga, aende na karanga zake."

Kila mmoja alikuwa na kidonda, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mwenye kisu. Hapo neno moja tu lingetosha. Lakini wenye kiburi na wenye aibu wanafanana kwa hili, wote wawili hawaulizi.

*

Mama yake Pasi aliona mabadiliko kwanza kwenye shati. Alikuja sokoni kuleta gunia, akamkuta mwanawe amevaa shati lenye makunyanzi, na kwenye meza yake chenga zimechanganyika na kubwa kama kwa watu wengine.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Umefiwa na nani ambaye mimi simjui?"

Pasi alicheka kidogo, kisha uso ukamvunjika. Akaeleza. Mama alisikiliza amesimama, mkono mmoja juu ya gunia.

"Alisema hivyo? Kwamba mwanangu hana jipya?"

"Kwa masikio yangu. Na kwamba hawezi kuanza na mimi uzazi."

"Yesu na Maria! Na watu wa maabara walivyo na sura za upole!" Akajifunga khanga kiunoni kwa nguvu. "Kituo chenyewe kiko wapi?"

"Mama, usiende."

"Nani kasema naenda kwa ajili yako? Naenda kuchukua karanga za mama yangu. Kama mtoto hafai, na mbegu irudi nyumbani."

Hakuenda siku hiyo. Alirudi kwanza kwake, akavaa gauni lake la kanisani, na kwa sababu hakuzoea kwenda ugenini mikono mitupu, hata kugombana, akabeba debe lake la mbegu. Asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye meza ya Daktari, amekaa wima, debe mapajani.

"Shikamoo, mama," Daktari akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyesema mwanangu hana jipya?"

"Mwanao nani, mama?"

"Nina mmoja tu. Muuza karanga. Mwenye mashati."

Daktari alikaa. Damu ilimpanda usoni, ikashuka. "Mama, sijawahi kusema neno hilo juu yake. Sijawahi hata kulifikiria."

"Alikusikia mwenyewe, kwenye simu. Kwa nje anapendeza, ndani ni yule yule, mwondoe, tafuta mwingine. Uliyasema hukuyasema?"

Mama Pacha, aliyekuwa amejificha nyuma ya jokofu lake, alitoa kichwa polepole.

"Uwi," akasema. "Pasi."

"Pasi ni karanga!" Daktari akapiga kelele, akasimama, kiti kikaanguka. "Mama, Pasi ni karanga! Nilimpa karanga jina lake kwa sababu… kwa sababu nilitaka kulitaja siku nzima bila watu kuniuliza." Akafunika uso. "Mungu wangu. Alisikia yale yote akidhani ni yeye."

Mama alimtazama huyu binti anayelia kwa hasira ya kujikasirikia, akatazama trei za miche zenye vibao vyenye majina ya watu, Tajiri, Kidege, Bibi Mkimya. Khanga aliyoifunga kwa vita akailegeza. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mjinga, na machozi ya uongo alikuwa akiyajua.

"Sasa hizo karanga ndizo hazina jipya?"

"Ndiyo, mama. Unisamehe. Ni mbegu ile ile ya kituo chetu."

"Zipi? Zile kubwa za waridi?"

"Zote alizoleta ni za waridi."

Mama alianza kutikisika. Walidhani analia pia, kumbe ni kicheko. Akafungua debe, akamimina mbegu juu ya meza nyeupe: za waridi, na kati yake za zambarau, zenye mabaka, zilizonuna.

"Hizo za waridi mlinigawia nyinyi wenyewe, zamani, mlipokuja na gari na kipaza sauti. Nikazichanganya humu. Za mama yangu ni hizi mbovu mbovu. Yule mtoto alizitoa moja moja, nikimwangalia. Alisema mgeni wa heshima hapelekewi vichenga."

Daktari aliokota karanga moja ndogo yenye mabaka, akaiweka kiganjani. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka na hakukumbuka kumuuliza muuzaji nadhifu kuliko wote sokoni swali moja jepesi: umezichambua? Alilia na kucheka kwa wakati mmoja, na Mama Pacha akafungua soda yake ya marufuku akampa.

*

Daktari alimkuta Pasi amekaa juu ya gunia, mgongo umempinda. Alipomwona alisimama, akajaribu kunyoosha makunyanzi kwa viganja.

"Nilisema usinitafute."

"Nimekuja kununua karanga."

"Chukua unazotaka, ondoka. Tafadhali."

"Pasi, unajua maabara tunawapa mbegu majina?"

"Sijui wala sitaki kujua."

"Tajiri ni karanga kutoka kwa mzee mmoja bahili. Kidege ni karanga iliyoliwa na ndege. Na kuna karanga inaitwa Pasi. Niliipa jina hilo mimi, ya kwako, siku ile umeinamia miche."

Pasi alimtazama. Jirani wa kushoto aliacha kupima mchele. Jirani wa kulia aliacha kujifanya anapima.

"Karanga?" akasema taratibu.

"Karanga."

"Lakini ulisema *hana*! Ungesema *haina*, ningejua ni karanga! Ulisema *anapendeza*, ukasema *mwondoe*!"

"Ndiyo tunavyosema kule, wote tumeharibika midomo."

"Nimelia nyuma ya ghala la watu kwa sababu ya herufi?"

"Na mimi nimelia kwenye ngazi za serikali. Nilidhani ulinifuata kwa ajili ya mbegu."

Soko halikujua kunyamaza, ila safu ile ilinyamaza. Pasi alikaa tena juu ya gunia. Sasa hasira ilikuwa imeisha na kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kukisema.

"Kuna mwanamke aliwahi kuniambia maneno hayo hayo," akasema kwa sauti ya chini. "Yeye alinikusudia kweli. Kwa hiyo niliposikia, hata sikushangaa. Nilisema basi, na huyu ameona."

Daktari alikaa karibu yake, gauni likajaa vumbi la gunia.

"Ungeniambia."

"Nilitaka unione vizuri kwanza."

"Ndicho ulichofanya na karanga za bibi yako." Akamweleza juu ya debe, juu ya zile za waridi na zile zilizonuna. Pasi alishika kichwa. "Nimezipanda zile ulizotoa. Sijui zitasema nini. Inawezekana nazo zikawa wale wale."

"Zikiwa wale wale?"

"Nitasikitika kazini, halafu nitakuja hapa jioni kama kawaida."

Pasi alimshika mkono mbele ya wauza mchele wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Miche ilichukua muda wake. Siku ya majibu Daktari alimwita Pasi maabara, akamsimamisha mbele ya picha bila kusema kitu. Hata yeye ambaye hakusomea aliona: safu baada ya safu mistari imekaa sawa, halafu zikaja safu chache ambazo mistari yake ilipanda na kushuka mahali ambapo hakuna nyingine iliyofika. Mama Pacha alianza kucheza katikati ya mashine. Mkuu wa maabara akasema huyu wa mabaka ataingia kwenye uzao wa msimu huu, awe mama, kisha akajikohoza na kusema "iwe mama", na hakuna aliyemsikiliza.

Walitoka nje, wakasimama ukutani penye kivuli chembamba. Pasi alikuwa amevaa fulana. Maneno aliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo yalimtoroka yote.

"Daktari, sikiliza. Mimi nakoroma. Nikikasirika nanuna, na nikinuna nanuna siku nzima. Shule niliacha njiani. Nina wivu, mpaka na yule mkuu wenu nilikuwa namwonea. Naogopa sana kuachwa. Na kuna mengine."

"Mimi napika vibaya," Daktari akasema. "Napenda kazi kupita kiasi, nasahau siku za watu za kuzaliwa, na nikiwa sahihi sinyamazi. Mengine yako ni yapi?"

"Hayo utayakuta ndani."

"Ndani wapi?"

"Nyumbani kwangu. Ukija kuishi. Utakuja?"

"Mtu haji nyumba ya watu bila kukaribishwa."

Pasi alimtazama machoni.

"Karibu," akasema.

Daktari alisogea mpaka vidole vya miguu yao vikagusana.

"Asante," akajibu. "Nimeshakaribia."